Kitenzi cha Alhamisi

Mwalimu Bauma aliliandika jioni kwenye ubao wetu,
mlango wa friji uliopakwa rangi nyeusi,
katika banda la mbao, Ndosho, taa ya sola ikisinzia.
Ovakamu, akasema. Ovakamu, tukaitikia,
watu kumi na wanne na vumbi la chaki.

"Likateni katikati, mtakuta maneno mawili:
juu, na kuja."
Hangi, fundi wa chukudu, akacheka puani.
Kwetu kuja juu ni kupandisha hasira,
na mlima ule pale, mwekundu usiku kucha,
hauhitaji kufundishwa.

Nilinakili. Vidole vyangu vilinuka sambaza,
daftari nalo likaanza kunuka.

Maana ya kwanza, alisema, ni kushinda taabu.
Nikainua mkono: Mwalimu, kushinda kupi?
Jana nilishinda Kituku
tangu mtumbwi wa kwanza hadi beseni likawa tupu,
nikashinda njaa,
na njaa yenyewe haikupata habari kwamba imeshindwa.
Tena wifi yangu Kanyere ni mrefu kushinda mimi
na hatujapigana hata siku moja.

Darasa likaangua kicheko.
Mwalimu alifuta ubao kwa kiwiko
akakaa juu ya ndoo, akafikiri.
"Hilo," alisema, "sikuulizwa chuoni."

Kisha akatuonyesha mgongo wa neno.
Mtu huweza kuwa upande wa kupokea:
kazidiwa na moshi, kazidiwa na furaha
mpaka magoti yakaisha nguvu.
"Kitenzi ni kile kile. Kimegeuka tu."

Hapo kalamu yangu ilisimama.

Sikuli hakuzidiwa na moshi, wala na furaha.
Alimfuata mbuzi bondeni, nyuma ya Mugunga, alfajiri,
kule mazuku inakolala chini kama maji
isiyo na rangi, isiyo na harufu.
Tulimkuta amepiga magoti
kama mtu anayetafuta sarafu,
mbuzi ubavuni pake,
kamba bado imezungushwa mkononi mara mbili.
Sentensi hiyo nitaianza na nani, Mwalimu?
Sikuuliza. Nilichora mstari chini ya neno,
nikachora tena, karatasi ikatoboka.

"Wakati uliopita," aliendelea, sasa polepole,
nadhani aliniona,
"sauti hubadilika katikati: ovakemu.
Na umbo la tatu hurudi kuwa kama la kwanza."

Linaondoka, linabadilika, linarudi vile vile?
"Kama sisi na Gisenyi," Hangi akasema,
na safari hii hakuna aliyecheka.
Usiku wa lava tulivuka mpaka na magodoro vichwani.
Tulirudi kwa majina yale yale,
ufunguo wa Hangi ungali shingoni mwake,
na pale penye mlango palikuwa na jiwe
la moto bado, ungeweza kuiva muhogo juu yake.
Alingoja lipoe. Akapanda juu yake na misumari na mbao.
Jiwe lipo mpaka leo, chini ya kitanda chake,
na mvua ikinyesha, anasema, linapumua.

Labda ni hivyo tu: mtu kuja juu ya kitu
na kulala hapo.
Sijui. Mimi ni mwanafunzi wa wiki ya sita.

Kazi ya nyumbani ilikuwa sentensi tatu.
Taa ikakata kabla sijaanza ya kwanza,
tukatoka tukipapasa ukuta, viatu vikilia juu ya mawe.

Njiani, kwenye giza la kibanda cha makala,
sauti ya Mama Ombeni:
"Jirani, umeshindaje?"
Kila siku hujibu salama.
"Nimeshinda," nikasema,
nikaiacha hapo, bila kumtaja niliyemshinda,
akangoja kidogo, kisha akasema haya.

Beseni lilikuwa bado na magamba.
Nikaliosha.